Ulimi na Msamiati: Kuonja Divai ya Bonde la Upepo

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii imefundishwa madarasani kwa miaka na mikaka, nao wanafunzi wameieleza katika insha zao kwa maana ya mtu anayeharibu kazi yake kwa kulewa sifa. Ni wachache mno waliowahi kujiuliza swali moja sahali: yule aliyegundua kwamba tembo limetiwa maji aligunduaje? Bila shaka aligundua kwa ulimi. Na baada ya kugundua ilimlazimu aseme. Je, alisema kwa maneno gani? Swali hili ndilo lililomkabili mkalimani mmoja wa Kiswahili mwezi wa Machi mwaka wa 2019, mbali na minazi yote, katika bonde la mizabibu karibu na ncha ya kusini ya bara la Afrika.

Mkalimani huyo alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kakamega, aliyekuwa amehitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili kwa alama za kupendeza. Alikuwa amefuatana na wahudumu wanane wa hoteli za pwani ya Kenya waliopelekwa Afrika Kusini kwa mafunzo ya wiki moja kuhusu uandaaji wa divai mezani. Mwishoni mwa wiki kila mmoja wao angefanya mtihani wa mdomo: angepewa bilauri isiyo na jina, aionje, kisha aieleze. Aliyefaulu angepandishwa cheo na mshahara. Mafunzo ya awali yalikuwa yameendeshwa kwa Kiingereza pekee, na wahudumu wakongwe, ambao walijua meza kuliko walivyojua sarufi ya Kiingereza, walikuwa wameanguka mmoja baada ya mwingine. Binti huyo alipopendekeza mtihani ufanywe kwa Kiswahili, ofisa mmoja alimjibu kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Naye, kwa ghera ya mtu aliyelipenda somo lake, aliandika barua kuahidi kwamba maneno yapo na kwamba yeye angeyatoa. Alipopanda ndege alikuwa amebeba ahadi ambayo hakuwa na hakika ya kuitimiza.

Alijiandaa kama msomi. Katika daftari lake alipanga istilahi kwa safu mbili. Aliamua kutumia neno divai badala ya mvinyo kwa kuwa mvinyo, katika vinywa vya wasemaji wengi, hubeba maana ya kileo kikali cha namna yoyote. Aliandika asidi, tanini na alkoholi. Ukurasa wa mwisho aliupa kichwa kisemacho "Maneno yasiyokuwepo", na ukurasa huo ulijaa upesi kuliko kurasa nyingine zote.

Siku ya tatu ya ziara iliwafikisha katika bonde la Hemel-en-Aarde, nyuma ya mji wa Hermanus, yapata kilomita 120 kusini mashariki mwa Cape Town. Jina hilo ni la Kiafrikana na maana yake ni Mbingu na Dunia. Anayesimama bondeni huona vilima vimeshikana na anga pande zote. Mbele ya bonde ipo ghuba ya Walker, ambayo nyangumi huizuru kati ya Juni na Novemba. Mwezi wa Machi nyangumi hawapo. Lililopo ni upepo. Ni kwa ajili ya upepo huo ambapo Tim Hamilton Russell alinunua ardhi bondeni humo mwaka wa 1975, akitafuta mahali penye ubaridi katika nchi ambayo divai yake nyingi ilitoka katika mashamba yenye joto zaidi.

Mwenyeji wao, mama wa makamo mzaliwa wa eneo hilo, aliwasimamisha kati ya safu za mizabibu na kuwaeleza. Mchana jua hupasha nchi kavu joto, hewa yake ikawa nyepesi ikapaa, nayo hewa baridi ya baharini ikaingia kuchukua nafasi yake kupitia uwazi wa bonde. Zabibu zinazopepewa hivyo haziivi kwa pupa. Sukari yake hupanda polepole, ilhali asidi yake haipotei upesi kama inavyopotea katika mashamba ya joto. Mkalimani aliyafasiri maelezo hayo bila taabu, kwa kuwa yalikuwa ya jiografia ya shule. Alipomaliza, mhudumu mmoja mwenye mvi, mzee wa Kilifi aliyekuwa amehudumu mezani kwa miaka ishirini na minne, aliinua uso wake, akaukabili upepo kwa kitambo.

"Huu ni kama matlai yetu," alisema. "Ule wa asubuhi kutoka mashariki, kutoka baharini. Ila huu una meno."

Mkalimani alilijua neno matlai. Alikuwa amekutana nalo katika ushairi na kulieleza katika mtihani. Hakuwa amewahi kulisikia likitamkwa na mtu aliyekuwa akipigwa na upepo wenyewe usoni.

Walipoingia ndani, divai iliyomiminwa ilitokana na zabibu nyeusi ziitwazo Syrah, ambazo nchini humo huitwa pia Shiraz. Mhudumu mmoja wa Lamu aliposikia jina hilo alicheka, akasema kuwa amekutana na jamaa yake, maana ukoo wao ulidai asili ya Shiraz tangu enzi za mababu. Mzaha huo una mafunzo yake. Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba zabibu hizo zilitoka katika mji wa Shiraz huko Uajemi, lakini uchunguzi wa vinasaba wa mwaka wa 1998 ulionyesha kwamba wazazi wake ni mizabibu miwili ya kusini mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche. Kinyume cha hayo, utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa miji ya Waswahili uliochapishwa mwaka wa 2023 ulikuta nasaba za Kiafrika na za Kiajemi zimechanganyika tangu takriban mwaka 1000. Kwa hiyo, kati ya wawili hao waliokutana mezani, aliyekuwa na uwezekano wa kuwa na tone la Uajemi ni mhudumu wa Lamu, wala si divai.

Kazi ya kuonja ilianza kwa macho. Mwenyeji aliwataka waiinamishe bilauri juu ya kitambaa cheupe na kutaja rangi. Hapa mkalimani alisitasita akitafuta namna ya kugawa wekundu kwa daraja. Wahudumu hawakumngoja. "Damu ya mzee," walisema watatu kwa pamoja, na mwingine akaongeza kuwa ukingoni ilikuwa rangi ya zambarau. Hilo lilikuwa jibu timamu. Daftari lilikuwa na maneno nyekundu iliyokoza, ambayo sasa yalionekana kama nguo ya kuazima.

Pua na ulimi ndivyo vilivyoleta mashaka. Mwenyeji alitaja matunda ya nchi za baridi ambayo hakuna hata mmoja wa wahudumu aliyewahi kuyatia kinywani. Mkalimani aliyatamka kwa matamshi ya Kiswahili, nao wakamtazama kwa adabu, jinsi watu wanavyomtazama mgeni asiyejua kwamba amepotea. Kisha mwenyeji akaingia katika suala la tanini. Alieleza kwamba ni kemikali itokayo katika maganda na mbegu za zabibu, na pengine katika mbao za pipa. Hushikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake, na kinywa kikahisi kukauka. "Divai hii ina tanini," mkalimani alisema. Kimya kilitanda. Alirudia kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio yao.

Yule mzee wa Kilifi ndiye aliyemwokoa. Alichukua funda dogo, akalizungusha kinywani, akainama na kulitema ndani ya ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo. Wenzake walikuwa wakiicheka ndoo hiyo tangu asubuhi, wakisema kwamba kutema kitu cha thamani namna ile ni kufuru. Yeye alitema bila kuonea haya, kwa mkato, kama mtu aliyekuwa akifanya hivyo tangu utotoni.

"Mwanangu," alimwambia mkalimani, "anachosema mama huyu ni ukakasi. Ukila bibo la mkorosho halijaiva vizuri, kinywa kinakuwaje? Au ndizi mbichi? Ndio huo. Lakini huu ni ukakasi mwororo, kama wa zambarau. Unashika ufizi, kisha unaachilia."

Wote wanane walitikisa vichwa. Wakaanza kusema kwa zamu, na mkalimani, ambaye hadi wakati huo alikuwa akisukuma maneno kutoka upande mmoja, alilazimika kuyakimbiza upande wa pili. Mmoja alisema ina ugwadu wa embe changa. Mwingine akapendekeza uchachu, lakini mzee akamkatiza. Uchachu, alieleza, ni wa tembo lililolala, lililoanza kuelekea siki. Divai iliyochacha hurudishwa jikoni. Ugwadu ni ule wa ndimu na ukwaju, unaoamsha mate. Mhudumu wa Lamu alisema kwamba divai ya jana, ile ya shamba la bara kwenye joto, ilikuwa tamu zaidi lakini karibu na kuwa chapwa, ilhali hii ilikuwa imekolea. Mwenyeji alipotafsiriwa hayo aliweka bilauri yake chini. Alisema kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya shamba lenye upepo wa bahari na lisilokuwa nao, na kwamba wageni wengi huhitaji siku nyingi kabla ya kuitambua.

Baada ya hapo mzee aliipeleka bilauri puani mara ya pili, akafumba macho. "Pia inanuka pilipili manga," alisema.

Mkalimani alinusa bilauri yake. Hakusikia pilipili. Alinusa tena kwa kina, akapata harufu ya matunda na ya mbao, basi. Papo hapo alijikuta njia panda. Mzee huyu amekosea, alifikiri. Au amechangamka kwa sifa, kama mgema wa methali. Akilifasiri neno lake, je, hatamwaibisha mbele ya mwenyeji? Kwa dakika moja nzima alishughulika na kalamu yake. Hatimaye alilifasiri, lakini kwa sauti ya chini na kwa kutanguliza neno "labda" ambalo mzee hakuwa amelitumia.

Mwenyeji alipiga makofi. Alieleza kwamba mwaka wa 2008 watafiti wa Australia walichapisha ugunduzi wa kemikali iitwayo rotundoni, ambayo ndiyo inayozipa divai za Syrah harufu ya pilipili manga, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Huzidi kuwa nyingi katika zabibu zilizoivia penye ubaridi. Alichokisikia mzee puani, basi, kilikuwa upepo ule wa nje uliogeuka harufu. Kisha mwenyeji akaongeza jambo ambalo mkalimani alilifasiri kwa shida: katika utafiti huo, yapata mtu mmoja kati ya kila watano hakuweza kuisikia harufu hiyo hata kidogo. Haikuwa suala la mazoezi wala elimu. Ni pua tu zilivyoumbwa.

Mkalimani alikuwa mmoja wa hao. Alikuwa karibu kuuzima ukweli wa mwenziwe kwa sababu pua yake haikuushuhudia. Aligeuka, akamwomba mzee radhi kwa lile neno "labda". Mzee alishangaa kwa kuwa hakuwa ameelewa kwamba limesemwa.

Wakati wa mapumziko, wakiwa wameketi barazani, mhudumu mmoja alimuuliza mwenyeji kama watu wa huko hunywa divai kila siku kama chai. Mwenyeji hakujibu upesi. Alisimulia kwamba mizabibu ililetwa katika Rasi hiyo na Waholanzi waliofika pamoja na Jan van Riebeeck mwaka wa 1652, na kwamba divai ya kwanza ilikamuliwa mwaka wa 1659. Mikono iliyopanda na kuvuna ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa, na miongoni mwao walikuwamo waliotolewa Msumbiji na Madagaska. Sheria ya kuukomesha utumwa huko ilianza kutumika mwaka wa 1834, lakini ukaendelea mtindo mwingine ulioitwa dop. Kibarua alipewa divai hafifu mara kadhaa kwa siku kama sehemu ya ujira wake. Ingawa sheria ilikuja kuupiga marufuku katika karne ya 20, mtindo huo ulisalia katika baadhi ya mashamba hadi miaka ya 1990. Babu yake mwenyeji alilipwa hivyo. Hadi leo mkoa wa Rasi Magharibi una jamii ambazo viwango vya watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni ni miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kurekodiwa ulimwenguni.

Mkalimani alitafuta neno la kufasiria dop. Safari hii hakulifungua daftari. Alimtazama mzee. Mzee alikuwa akiitazama ndoo.

"Sema walilipwa kwa kileo," alisema mzee. "Usiseme walinyweshwa. Mtu anayelipwa kwa kileo huamka na deni." Kisha, bila kuulizwa, akaeleza kwa nini alijua kutema. Baba yake alikuwa mgema. Alikuwa akiwapeleka minazini yeye na kaka yake alfajiri, akawafundisha kutofautisha tembo la mnazi huu na la mnazi ule, tembo tamu na tembo kali. Sharti lilikuwa moja: onja, tema, ndipo upande mwingine. Aliye juu ya mnazi hana mtu wa kumshika mkono.

"Kaka yangu alimeza," alisema mzee. "Mnazi wa tatu hakushuka kwa miguu."

Mkalimani aliyafasiri maneno hayo kwa mwenyeji kama yalivyo, bila nyongeza. Mwenyeji aliinuka, akaingia ndani, akarudi na maji ya kunywa kwa wote. Kwa muda waliobaki hakuna aliyeicheka ndoo tena.

Usiku huo, hotelini Hermanus, mkalimani alilifungua daftari lake kwenye ukurasa wa mwisho. Alikifuta kichwa kisemacho "Maneno yasiyokuwepo" akaandika "Maneno nisiyoyajua". Chini yake akaandika ukakasi, ugwadu, chapwa, kukolea na kulala kwa tembo, na mbele ya kila neno akaandika nani alilisema na kwa mfano gani. Neno tanini hakulifuta. Alikuwa ametambua kwamba tanini na ukakasi si visawe. Tanini ni kitu kilichomo ndani ya divai. Ukakasi ni jambo linalotokea ndani ya kinywa. Mkemia analihitaji neno la kwanza, mwonjaji la pili, na lugha inayoyatumia yote mawili haijapungukiwa na lolote. Aidha, alitambua kosa la istilahi zake nyingi: alizitunga kwa kutazama safu ya Kiingereza badala ya kutazama bilauri.

Mtihani ulifanywa siku ya sita. Mkufunzi, ambaye hakujua neno hata moja la Kiswahili, aliketi na karatasi ya alama. Mzee aliinusa divai aliyopewa, akaonja, akatema, akasema: "Rangi ni damu ya mzee. Harufu ni zambarau mbivu na pilipili manga. Ugwadu upo, unaita mate. Ukakasi ni mwororo. Imekolea, na ladha yake haiondoki upesi. Hii imetoka penye upepo wa bahari." Mkalimani aliyafasiri yote, na safari hii hakutia "labda" popote, ingawa katika bilauri yake hakukuwa na pilipili. Wahudumu saba kati ya wanane walifaulu. Aliyeanguka alichanganya divai mbili, kosa ambalo angelifanya katika lugha yoyote.

Vyeti vilichapishwa kwa Kiingereza. Uwanjani, wakisubiri ndege ya kurejea Nairobi, mzee alimpa mkalimani cheti chake na kalamu, akamwomba amwandikie nyuma, kwa Kiswahili, yale aliyoyasema mbele ya mkufunzi, ili wajukuu wake wajue babu yao alifaulu katika jambo gani. Mkalimani aliandika. Alipofika kwenye pilipili manga alisimama kidogo, kisha akaliandika neno hilo kama alivyolisikia.

Mijadala ya upungufu wa istilahi haijakoma katika vyuo vyetu, na si vibaya iendelee, maana mengi bado hayana majina. Hata hivyo, kabla ya kamati kuketi na kabla ya neno la kigeni kuvishwa irabu ya mwisho, ingefaa mtu atumwe kwa mgema, kwa mpishi, kwa mvuvi na kwa mwenye shamba la mikorosho, akawaulize wanasemaje. Na wakisema jambo ambalo pua yake hailisikii, aliandike vilevile.